King'ora Kilichofunikwa Pazia

Je, mafuriko yapo kabla hayajatangazwa?

Swali hili lisichezewe. Watu wenye shahada na miwani mizito wamelizunguka kama kuku anavyomzunguka panzi asiyemwamini, na mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye adhabu ya kufyeka ambayo bado sijaimaliza, naliingilia kwa unyenyekevu wote ninaotakiwa kuwa nao. Katika nchi ninayoizungumzia, kila mtu alilijua jibu. Hayapo. Maji yakiingia sebuleni bila tangazo, hayo ni maji tu. Yakipanda mpaka kitandani, ni maji mengi. Ili yawe mafuriko, sharti kwanza Wizara ya Maafa iyapokee, na Wizara ya Maafa haipokei kitu ambacho hakijafunguliwa na mgeni rasmi.

Naomba msomaji asicheke, au acheke akiwa amesimama, kwa heshima. Nchi ile ilikuwa imekubaliana kwamba hakuna kinachoanza mpaka mtu mkubwa aje akianzishe. Daraja lililokamilika lilikaa bila kuvukwa, na watu wakapita chini yake wakiwa wamevua viatu, wakilisifu. Kisima kilichochimbwa kilifunikwa kwa kitambaa, na walinzi wakawekwa wasije watu wakanywa kabla ya hotuba. Nimesikia kwamba kuna mtoto wa Bondeni aliyekaa tumboni mwa mama yake muda wa ziada kwa sababu zahanati ilikuwa haijazinduliwa. Alipotoka alikuwa tayari ana meno, na neno lake la kwanza lilikuwa "hatimaye".

Juu kabisa palikuwa na Kilele, makao ya Wizara. Chini kabisa palikuwa na Bondeni, walikoishi watu, kwa kuwa ndiko udongo ulikokubali mihogo. Katikati ya mteremko ilikuwa shule yetu ya bweni, ambayo haikuwa juu wala chini, na kwa hiyo ilisahauliwa na pande zote mbili, hasa siku za nyama.

Na Kileleni ilikuwa daima saa nne asubuhi.

Hili nalo linahitaji maelezo. Zamani, mama yangu akiwa bado msichana wa kusuka nywele mabua, Wizara ilileta king'ora kikubwa ili siku mto ukichafukwa watu wa Bondeni waonywe. Kililetwa kwa upendo. Nalisema hili bila dhihaka, ingawa uso wangu hauaminiki. Kikasimikwa juu ya nguzo, kikafunikwa pazia la bluu, utepe ukafungwa, hema likawekwa, zulia jekundu likatandikwa, na kiti cha mgeni rasmi kikawekwa mbele, kiti kipana chenye mto wa mahameli. Sherehe ilipangwa kuanza saa nne asubuhi. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Alikuwa bado njiani. Na kwa kuwa sherehe haikuanza, haikuweza kwisha, na kwa kuwa haikuisha, saa nne haikuweza kuondoka. Jua lilibaki limesimama juu ya hema kama mwanafunzi aliyeambiwa asimame mpaka mwalimu arudi.

Chini huku Bondeni siku ziliendelea kama kawaida. Watu walioa, walizika, waligombana kuhusu mipaka. Wizara, ikiona aibu kukaa bure, iliwafundisha kila mwaka namna ya kujiokoa. Wakikisikia king'ora waache kila kitu, wapange safu, wapande mlima, wazee mbele. Kabla ya king'ora mtu asikimbie hata kama ana sababu. Mafunzo hayo yalifanyika wakati wa muhula, sisi tukiwa shuleni tunahesabu wadudu kwenye maharage, kwa hiyo mimi, niliyekaa bwenini tangu darasa la kwanza, sikuwahi kuyaona. Kumbukeni hilo. Ujinga wangu ni wa halali.

Siku mto uliposimama tulikuwa kwenye kipindi cha jiografia. Mwalimu alikuwa anatufundisha kuhusu mito, akiwa ameupa mto mgongo. Tangu tuzaliwe tulikuwa tunausikia ule mto. Tulilala nao, tuliamka nao, ulikuwa ndani ya masikio yetu kama damu. Kisha ukakoma. Kimya kiliingia darasani kama mkaguzi, na wote tukakaa vizuri bila kuambiwa. Nikatazama dirishani. Mto ulikuwa uchi. Mawe yaling'aa, madimbwi yalitetema kwa samaki, na huko juu, nyuma ya vilima, mvua ilikuwa imening'inia nyeusi kama godoro lililoanikwa.

Mwalimu akageuka. Chaki ilimdondoka.

"Mlima umeporomoka huko juu," alisema polepole. "Umeziba njia. Maji yamepanga foleni."

"Yatasubiri mpaka lini, mwalimu?"

"Maji hayana adabu ya foleni. Yakishajaa yatasukuma, na yakisukuma yatakuja yote kwa mpigo mmoja." Akaokota chaki. "Kaeni kimya. Naenda ofisini kuomba ruhusa ya kuogopa."

Alipotoka mlangoni, mimi nilitoka dirishani.

Niliteremka mbio mpaka Bondeni, na nilichokikuta kilikuwa sikukuu. Watu wazima walikuwa wamekunja suruali na kufunga kanga viunoni, wamejaa katikati ya mto usio na mto, wanaokota perege na kambare kwa mikono, wakicheka. Mama yangu alikuwa katikati yao, ameinama, na beseni lake la njano pembeni.

"Mama, shikamoo! Toka mtoni!"

"We Sikudhani!" Akanyanyuka. "Nani kakupa ruhusa ya kutoka shule?"

"Mama, mlima umeziba mto. Maji yanajaa huko juu."

"Marahaba. Shika hapa." Akanipa mkia wa kambare, ambaye alikuwa na maoni tofauti.

"Mama, sikia! Yanakuja!"

"King'ora kimelia?"

"Hakijalia."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi hayaji."

Jirani yetu Fumo, mtu wa tumbo na maneno, alicheka mpaka akakaa kwenye dimbwi. "Mama Sikudhani, huyo mwanao anataka tukimbie atuachie samaki wote! Bweni wanawalisha nini hawa watoto?"

"Maharage," nikasema.

"Ndiyo maana."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinivuta kando, mikono yake ikinuka utelezi, akasema kwa sauti ya chini. "Dada yangu mkubwa unamkumbuka anavyotembea? Ule mguu haukuvunjwa na maji. Mtu mmoja alipiga kelele 'maji, maji', watu wakakimbia wakakanyagana pale kwenye ngazi za soko, na maji hayakuja. Toka siku ile tukakubaliana. Hakuna kukimbia kwa mdomo wa mtu. Tunasubiri king'ora."

"Na maji yakitangulia?"

"Mimi ndiye mfunga mlango, Siku. Kwenye safu mimi ni wa mwisho, napita nyumba hadi nyumba nione kama kuna aliyebaki. Nikianza mimi kupanda kabla ya king'ora, hawa wote watanifuata wakikanyagana. Unataka hivyo?"

"Nataka upande."

"Kikilia, nitapanda." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yake yalikuwa yameshasikia kile kimya na kukielewa vizuri kuliko mimi. "Sasa kama una miguu, nenda kakilize."

Kupanda kwenda Kileleni ni kupanda kuelekea nyuma. Nilipoipita shule, kengele ilikuwa inagonga saa saba ya mchana. Hatua chache juu yake ikawa saa sita. Nilipofika kwenye miti ya mwisho, umande ulikuwa ungali kwenye majani na kivuli changu kilikuwa kimeanza kurefuka upande usio wake. Nikajiuliza, huku nikihema kama mbuzi, kama mtu anayepanda kwenda asubuhi anakwenda kupata muda zaidi au anaupoteza. Huko chini maji yalikuwa yanajaza saa saba na dakika zake. Huku juu hakukuwa na dakika. Hakukuwa na haraka popote. Haraka ni mmea unaohitaji alasiri. Nikaelewa kwa nini wale walioishi Kileleni hawakuwahi kuwahi kitu. Walikuwa na asubuhi nzima, na asubuhi haikuwa na mwisho.

Kwaya ya chekechea ilikuwa imesimama kando ya zulia, kama ilivyopangwa siku ile. Kaptula zao fupi, soksi nyeupe, vishada vya karatasi mikononi. Walikuwa na ndevu. Saa haikusogea, lakini ndevu hazikupewa taarifa. Wengine walikuwa na mvi, na mmoja alikuwa na miwani ya kusomea, na waliponiona wote walianza kuimba kwa sauti nzito, "Karibu mgeni wetu, sisi ni watoto wadogo", mpaka kiongozi wao akainua mkono na kusema, "Si yeye. Huyu ana ndala."

Bwana Machumu, Afisa Itifaki wa Wizara ya Maafa, alinijia akiwa amevaa suti iliyokuwa nyeusi zamani. Alikuwa mwembamba, na shingo ndefu yenye kifundo cha koo kilichopanda na kushuka kila alipofikiri.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba. Umealikwa?"

"Maji yanakuja."

"Yamealikwa?"

"Afisa, mto umeziba. Nakuomba ubonyeze king'ora, watu wa Bondeni watoke."

"Hakijazinduliwa."

"Watakufa!"

Kifundo kikapanda, kikakaa juu, kikashuka. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingerahisisha simulizi hii. "Mwanangu," alisema, "unadhani siuoni mto? Nimekaa hapa nikiutazama tangu nina nywele. Lakini nikikibonyeza kabla hakijazinduliwa, ule hautakuwa mlio. Utakuwa kelele za mtu anayeitwa Machumu." Akachukua redio koli kiunoni. "Kilele kuita msafara. Mgeni rasmi yuko wapi?"

Redio ikakoroma. "Yuko njiani."

"Amefika wapi?"

"Amefika njiani."

Akaishusha kama mtu aliyemaliza kazi. Hapo ndipo nilipokitazama kile kiti.

Msomaji, kuna viti vya aina mbili duniani. Kuna kiti ambacho mtu hukikalia, na kuna kiti ambacho humkalia mtu. Bwenini nilikuwa na kipaji kimoja kinachotambulika: naweza kusema kwa sauti ya matroni mpaka matroni mwenyewe akaitikia. Nilidhani kipaji hicho kitatosha. Nilipita juu ya zulia kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa, nikageuka, nikakaa.

Kila mtu akasimama.

Nilihisi tumbo likijaa ingawa sikuwa nimekula. Mikono yangu ikawa mizito, na kwenye kidole kimoja pakaota pete. Ndala zikawa viatu, na viatu vikawa vinameta kwa kazi ya mtu mwingine. Kwaya ikaimba, na ajabu, ilikuwa inaimba vizuri. Niliwatazama wale watoto wenye mvi na nikaona ni watiifu, na nikaona utiifu wao unanipendeza. Bwana Machumu aliinama mbele yangu machozi yakimlenga, akasema, "Tulijua utakuja, mheshimiwa," na sikuona sababu ya kumkatisha tamaa. Waimbe ubeti mwingine. Kuna haraka gani? Jua lilikuwa zuri. Nilijua kuna kitu nilikuja kukifanya, lakini wakubwa huwa na watu wa kuwakumbusha, na mimi sasa nilikuwa mkubwa, basi mtu angenikumbusha. Nilikuwa nani kabla ya kiti? Msichana fulani. Alikuwa na jina refu kidogo. Alikuwa akikimbia.

Hivi ndivyo wanavyochelewa, nikawaza kutoka mbali sana, kama mtu anayewaza akiwa chini ya maji. Hawako njiani. Wako kwenye kiti.

Na nilipokuwa nawaza hivyo jicho langu, lile moja ambalo pete haikulifikia, likaangukia Bondeni. Mbali chini palikuwa na nukta ya njano, na kando yake nukta nyingine iliyoinama. Sikuweza kukumbuka jina lake. Lakini niliujua ule mgongo. Niliwahi kubebwa juu yake. Mgongo ule ulipoinama, kitu fulani ndani ya lile tumbo kubwa la mheshimiwa kililia kama mtoto anayetaka kushushwa.

"Ratiba, mheshimiwa," Bwana Machumu alikuwa anasoma kwa sauti ya furaha. "Tutaanza na sala, kisha utambulisho wa meza kuu, kisha kwaya, kisha ngonjera, kisha risala ya wananchi, kisha majibu ya risala..."

Nikafungua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa ya matroni wala yangu. Ilikuwa sauti ya kila mtu aliyewahi kushika kipaza sauti katika nchi ile.

"Itifaki," nilisema, "imezingatiwa."

Wote wakainamisha vichwa.

Kwa mgeni asiyejua, maneno haya mawili husemwa na kila mzungumzaji asiyetaka kuwataja wakubwa wote waliokaa mbele. Akiyasema, wote huhesabiwa wametajwa, na hakuna anayenuna. Kila siku yanasemwa. Lakini hakuna aliyewahi kuyajaribu kwa kitu kikubwa kuliko salamu. Nchi nzima ilikuwa imefungwa kwa mafundo, na mahali pa kuvutia kamba pakawa wazi mbele ya watu wote, panatumika kufupisha hotuba.

"Imezingatiwa... mpaka wapi, mheshimiwa?" aliuliza Bwana Machumu.

"Mpaka kwenye utepe."

"Na ngonjera?"

"Imezingatiwa."

"Watoto wameifanyia mazoezi tangu..."

"Naijua. Nimeguswa sana. Mkasi!"

Nikaletewa mkasi. Nikainuka, na kiti kilitoa sauti kama ya mdomo unaonyang'anywa pipi. Nikakata. Pazia likaanguka, vumbi la miaka likatufunika sote, na ndani yake palikuwa na king'ora, chekundu, kizuri, kipya kama siku kiliposhushwa. Nikabonyeza kitufe kwa mikono yote miwili.

Kikalia.

Sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile. Ilikuwa laini, pana, iliyonyooka, sauti iliyotengenezwa na watu wa mbali wasiokohoa. Ilipita juu ya shule, ikashuka Bondeni, ikagonga kilima cha pili na kurudi. Kileleni jua likashtuka na kuruka kutoka saa nne mpaka mchana mkali, vivuli vikakimbilia upande mwingine, na kwaya yote ikashika viuno na kulalamika migongo. Pete ikayeyuka kidoleni mwangu. Nilikuwa Sikudhani tena, na ndala zangu, na njaa yangu.

Nikakimbilia ukingoni kutazama. Watu wa Bondeni walikuwa wamesimama wima mtoni, nyuso juu. Walikuwa wanasikiliza. Kisha wakapiga makofi. Niliona kabisa Fumo akipunga kofia. Na nukta iliyo kando ya beseni la njano ilisikiliza kidogo, ikainama, ikaendelea kuokota samaki.

"Kwa nini hawatoki?" nilipiga kelele. "Kwa nini hawatoki!"

"Hawaujui," alisema kiongozi wa kwaya, akifuta vumbi kwenye ndevu.

"Hawaujui nini?"

"Mlio huo. Hawajawahi kuusikia. Wao wanaujua wa Bwana Machumu."

Nikamgeukia Bwana Machumu. Kifundo chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama ndoo kisimani.

Ndipo nilipoambiwa jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa wanafunzi wa bweni. King'ora kilikuwa hakijazinduliwa, na mafunzo yalipaswa kufanyika. Basi kila mwaka Wizara ilimtuma Bwana Machumu asimame kwenye jiwe lililo juu ya Bondeni, aweke mikono mdomoni, awe king'ora. Mama yangu alikuwa amefundishwa kuutii mlio huo tangu usichana wake. Ule mwingine, mzuri, wa chuma, ulikuwa kwake muziki tu. Labda kuna mkubwa anaoa.

"Walilie!" nikamwambia. "Afisa, lia!"

"Siwezi."

"Unaweza, umefanya kila mwaka!"

"Mimi ni wa mazoezi tu." Alisema kwa unyonge, akirudi nyuma. "Sauti yangu haina kibali cha maafa ya kweli. Wewe hujui. Kwenye mazoezi nikilia, hakuna kitu. Wanapanda, wanakunywa chai, wanashuka. Leo nikilia na maji yasije, hawataniamini tena maisha. Na nikilia yakaja..."

"Yakaja, eeh?"

"Basi atakuwa ni Machumu aliyesema. Siku zote. Si Wizara, si mgeni rasmi, si chuma. Mtu akifia njiani, ni Machumu aliyemwambia apande. Mwanangu, unajua kwa nini tulikubali kumsubiri mgeni rasmi muda wote huu? Ili wa kulaumiwa asije akawa ni mmoja wetu."

Hapo ningependa kuandika kwamba nilitoa maneno makubwa. Kichwani nilikuwa na sauti za watu wengi, matroni, mwalimu mkuu, mheshimiwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na la kusema. Ningemuiga yeye mwenyewe kama ningewahi kumsikia. Iliyobaki ilikuwa sauti yangu.

"Mama yangu ni mfunga mlango," nikasema. "Hapandi mpaka wote wapande. Na wao hawapandi bila wewe."

"Mama yako yupi?"

"Wa beseni la njano."

Alitazama chini. Akaliona beseni. "Yule hunichemshia chai ya tangawizi," alisema. "Baada ya mazoezi. Kwa ajili ya koo."

Akavua koti la suti, akalikunja vizuri, akamkabidhi kiongozi wa kwaya. Akateremka mbio mpaka kwenye jiwe, miguu yake myembamba ikipiga nyasi. Akasimama, akaweka mikono mdomoni.

"Uuuuuwi! Uuuuuwi-wi-wi-wiii!"

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Ilikuwa sauti ya mbuzi anayekula kiapo. Ilipanda ikapasuka, ikashuka kombo, na katikati alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayelala mahali penye baridi, kisha akaendelea. Na kile kikohozi ndicho walichokitambua. Niliona Bondeni yote ikinyooka. Mabeseni yaliwekwa chini, hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza. Wazee walisogea mbele, kinamama wenye watoto wakawafuata, vijana wakashika pembeni, na safu ikaanza kupanda mlima kwa mwendo mmoja, haraka bila mbio, bega kwa bega, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sijaona kitu kizuri zaidi, na kilikuwa kazi ya Wizara ya Maafa. Naliandika hili kwa herufi zilizonyooka ili lisisemwe kwamba nilinyima sifa panapostahili. Walifundishwa na wakajua.

Bwana Machumu aliendelea kulia. Kwaya iliteremka, ikasimama nyuma yake na kulia pamoja naye, kwa besi, ndevu zikipepea. Kisha nikasikia mto. Ulikuwa umerudi, lakini sauti yake ilitoka mahali pasipo pake, juu, kama watu wengi wanaoshuka ngazi wakiwa wamebeba makabati.

Maji yalipotokea yalikuwa ya kahawia na yalikuwa na miti iliyosimama wima ndani yake, kana kwamba msitu umeamua kuhama. Daraja lisilozinduliwa lilikwenda bila hotuba. Soko likaenda, na zile ngazi, na nyumba ya Fumo, ambayo ilizunguka mara moja kama mtu anayesahau kitu kabla ya safari. Safu ilikuwa imeshafika kwenye nyasi za juu. Nilipita katikati yao nikitazama nyuso. Niliwaona majirani wote. Niliona watoto wote. Niliona mama mkubwa akipanda na mguu wake, ameshikwa kwapa na vijana wawili, akiwakaripia wasimwinue sana. Mkia wa safu ulikuwa mtupu.

Sijui nilisimama pale muda gani. Kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na mtu yeyote ndani yangu wa kuigiza. Maji yalipanda kwenye mteremko, yakala shamba la mihogo, yakasita. Nikawaza kwamba huenda mtu yupo tu pale mwingine anapomtazama atokee, na nikatazama, nikatazama, kana kwamba macho ni kamba.

Nyasi zikafunguka. Mama alitoka akiwa amelowa mpaka kifuani, anamburuta Fumo kwa ukosi wa shati. Fumo alikuwa amemkumbatia kambare mmoja kifuani kama cheti.

"Alirudi kumfuata samaki," mama alisema akihema. "Nimekwambia mimi ni mfunga mlango, au sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Na shule umemwachia nani?"

Nilitaka kujibu kwa ujeuri, lakini uso wangu ulikataa kushirikiana. Akanivuta kichwa, akakibana kwenye kanga yake yenye matope mpaka nikakosa hewa, na sikuidai.

Baadaye hakuna aliyetoa amri na kazi zikafanyika. Hema liligeuzwa na kuongezewa matawi, wazee wakalazwa ndani. Zulia jekundu likalaliwa na watoto wachanga. Kwaya ilikwenda kuokota kuni, na walipokuwa wanaokota waliimba wimbo ambao haukuwa na neno "karibu" hata mahali pamoja. Mwalimu wa jiografia alifika na wanafunzi wote na sufuria la maharage la shule. Alikuwa bado hajapewa ruhusa, akaamua kuogopa bila kibali. Mama alikuwa anapita kwa kila kaya akiuliza nani hayupo, na kila kaya ilijibu kwamba wote wapo, na alikuwa haamini, anarudia kuuliza, kwa kuwa alipenda kulisikia jibu hilo.

Bwana Machumu alikuwa amekaa juu ya jiwe lake. Sauti ilikuwa imemwisha. Kila aliyepita alimgusa bega, na yeye alitikisa kichwa tu, kifundo kimetulia. Ndipo redio koli ikakoroma kiunoni mwake.

"Msafara kuita Kilele. Msafara kuita Kilele. Mgeni rasmi yuko njiani. Je, maandalizi yamekamilika?"

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akaitazama ile redio, akatutazama, kisha akanyoosha mkono na kumkabidhi mama.

Mama aliishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. "Haloo?"

"Kilele, maandalizi yamekamilika?"

"Bado. Mwambie huyo mgeni aje na mablanketi. Na unga, na maziwa ya watoto, na dawa za tumbo. Na mtu anayejua kushona jeraha. Kwaya asilete, ipo. Hotuba akiwa nayo aje nayo, atatusomea tukishakula."

Redio ikakoroma. Kisha ikauliza, kwa ukali wa mtu aliyezoea kuulizwa yeye, "Ni nani anayezungumza?"

Mama akageuka. Akaitazama safu iliyokuwa haipo tena, imekuwa watu, wamekaa kwenye majani, wanagawana maharage, wanamcheka Fumo na samaki wake. Akalifikiria swali lile kwa heshima iliyolistahili. Kisha akaisogeza redio mdomoni.

"Sisi," alisema. "Tulioshafika."